Siku Wangeci Alipoiimbia Kenya

Juzi nilimpelekea fundi redio ya marehemu mama, ile kubwa ya mbao ambayo lazima ipate moto kwanza ndipo itoe sauti. Fundi alipoiwasha, vumbi la miaka mingi lililolala ndani likaanza kuungua polepole, na harufu yake ikanijaa puani. Ilibidi nitafute kiti. Ilikuwa harufu ileile ya runinga ya ukumbi wa mtaa wetu, Shauri Moyo, alasiri tuliyojazana kumwona Wangeci.

Nyinyi mnaotembea na runinga mfukoni mtanivumilia nikieleza kidogo. Miaka ile ya sabini, mtaa mzima ulitegemea runinga moja. Ilikaa ndani ya kabati ukumbini, na ufunguo ulikuwa kwa mwangalizi wa ukumbi, bwana mmoja aliyejiona mkubwa kuliko chifu. Tuliambiwa picha zake ni nyeusi na nyeupe, ingawa kwa kweli nyingi zilikuwa za kijivu tu.

Wangeci alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Siku za kazi alipiga taipu kwenye ofisi moja mjini, na Jumapili aliimba kwaya. Jumamosi aliimba na bendi, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Baba yake, Mzee Njogu, alikuwa seremala, mtu wa kanisa na wa maneno machache. Kuta zetu zilikuwa nyembamba, kwa hiyo nilimsikia vizuri jioni moja akisema, "Mungu hakukupa sauti hiyo ukawaimbie walevi."

Tangu siku hiyo hawakuzungumza ila kwa kumpitia mama yake Wangeci.

"Mwambie binti yako chai inapoa."

"Mwambie baba yangu nimeshiba."

Na wote watatu wameketi meza moja.

Ndipo habari ikaja kwamba Kenya, kwa mara ya kwanza, itapeleka mwimbaji kwenye mashindano ya nyimbo ng'ambo, yale ambayo kila nchi hutoa mtu wake na dunia hutazama kwenye runinga. Wangeci alikwenda kujaribiwa pamoja na waimbaji wa kila pembe ya nchi. Wengi waliimba Kiingereza. Yeye aliimba wimbo wa Kiswahili alioutunga mwenyewe, akachaguliwa. Kabla hajafika nyumbani, wachoma nyama wa soko la Burma walikuwa wameshajua. Vijana wa kona wakaanza kutembea kifua mbele. "Huyo manzi ni wa mtaa wetu," walimwambia kila mpita njia, hata asiyeuliza.

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo, na yeye ndiye aliyeshona gauni. Lilikuwa la rangi ya chungwa lililoiva, limetiwa shanga nyeupe shingoni. Mimi nilishika pini, na kwa kazi hiyo nilijihesabu kuwa mmoja wa wajumbe wa Kenya. Siku ya kulijaribu, majirani walifurika kwetu kulitazama. Mzee Njogu alichukua msumeno wake akaelekea mtaa wa Pumwani, ambako hakuna aliyemwita. Siku ya safari pia alisema ana kazi.

Baada ya mashindano, redio ikatuambia Wangeci hakushinda. Alikuwa karibu na mkia. Nililia sana.

"Unalilia nini?" mama akaniuliza. "Nani alikwambia tulimtuma kikombe?"

Sikumwelewa. Nilidhani kila anayekwenda mashindanoni hutumwa kikombe.

Kanda ya mashindano ililetwa kwa ndege, tukatangaziwa kwamba itaonyeshwa Jumapili alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama na mimi tulipewa nafasi ya mbele kwa heshima ya gauni. Runinga ilikuwa bado inapata moto, inanuka vumbi, wakati Mzee Njogu alipoingia na koti lake la kanisani, kofia mkononi. Watu wakampisha. Mama akasogea, naye akaketi katikati yetu.

Nchi zikapita moja baada ya nyingine. Kisha akatokea mtangazaji, Mzungu mwenye tai ya kipepeo. Akasema, "Kenya." Akakitazama kikaratasi chake, akakohoa. "Wan-ge-ki," akasema. Akajaribu tena. "Wan-ge-si... Nijogu."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Sisi watoto tuliangukiana kwa kicheko. Mzee Njogu hakucheka. Aliinuka, akasimama wima na kofia kifuani. Mtu nyuma akaanza kulalamika kwamba haoni, mwenzake akamwambia anyamaze.

Wangeci akaimba. Sauti niliyoizoea kuisikia ukutani ilikuwa inatoka kwenye kabati la mwangalizi, safi, haina haraka, kwa Kiswahili chetu, na Wazungu waliovaa vizuri wameketi kimya wakiisikiliza. Wimbo ulipofika katikati, Mzee Njogu akaniinamia.

"Akinyi," akanong'ona, "hilo gauni ni la rangi gani?"

"La chungwa, Baba Wangeci. Chungwa lililoiva. Na shanga ni nyeupe."

Akalitazama tena lile gauni la kijivu. "Linampendeza," akasema.

Hakuketi mpaka wimbo ulipokwisha. Ulipofika wakati wa kura, kila Kenya ilipotajwa tulipiga makofi, hata tulipopewa kura mbili. Ungetusikia kutoka barabarani ungedhani tumeongoza.

Wangeci aliporudi, Mzee Njogu ndiye aliyempokea uwanja wa ndege na kumbebea sanduku. Jioni ile nilitega sikio ukutani.

"Walikosea jina langu," Mzee akasema.

"Walikosea, Baba. Niliwafundisha asubuhi nzima, wakashindwa."

Wakacheka wote wawili, na mama yake hakuhitajika kupeleka ujumbe.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mzee yule alisimama kwa ajili ya binti yake tu. Nilikuwa nimeshaolewa mama aliponieleza mengine. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, Njogu akiwa kijana, askari walimkamata katika mitaa hii hii, wakamchutamisha uwanjani mikono kichwani, kisha wakampeleka kizuizini. Huko alivishwa namba, na kwa muda wote aliofungwa hakuna Mzungu aliyemwita kwa jina. Aliitwa namba, akaitika namba.

Sasa Mzungu mmoja, mbele ya dunia nzima, alikuwa akitokwa na jasho kwa kutafuta namna ya kulitamka jina la Njogu. Hakulipata sawasawa. Lakini aliliita, na mwenye jina akasimama kuitika.