Ile Gari Ililala kwa Mke Mwenzangu

Wewe ushaona mtu akichukia gari? Si dereva, gari yenyewe! Basi ni mimi. Makosa ni yangu, sitaki kuzungusha.

Mimi ndio mikayi, bibi wa kwanza. Nyumba yangu inaangalia geti, vile desturi yetu inataka. Ya Min Otis, mke mwenzangu, iko kando. Mzee wetu alishakufa, tumebaki wanawake wawili na kuku.

Sasa kijana yake, Otis, akapata kazi ya kuendesha gari ya serikali, ile ya kliniki ya vijijini. Kila Alhamisi jioni hiyo gari inaingia geti, inapita mlango yangu vruuu, inaenda kulala kwa Min Otis. Hata honi haipigi!

Woi, roho iliniwasha!

Na kwa redio wanatuambia serikali imekaza mshipi, hakuna mafuta, hakuna chai ya ofisi. Nikacheka. Mshipi gani? Ijumaa asubuhi nachungulia kwa dirisha, manesi wawili wa hiyo gari wako kwa Min Otis wanakunywa chai ya maziwa na viazi tamu. Nilihesabu mpaka vikombe!

Min Otis anaita, "Mikayi, kuja chai!"

"Nimeshiba!"

Nimeshiba nini? Wivu tu.

Chifu alikuwa ameambia baraza, mtu akiona gari ya serikali inatumika ovyo amwambie, hatataja jina. Mimi huyo! Nikavaa nguo ya kanisa. Nikamwambia, "Ile gari inalala kwa bibi mdogo kama mwanaume wa boma." Chifu akacheka mpaka akashika meza. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Haikuchukua siku nyingi. Otis akaitwa mjini, akanyang'anywa funguo, akafutwa.

Ijumaa ikafika. Tukakaa pale kanisani, mahali kliniki inafanyiwa, na kadi zetu, wamama na watoto wa kudungwa sindano, jua likapanda. Gari hakuna. Dawa yangu ya presha ilikuwa imebaki mbili!

Jioni nikauliza Otis, "Kwani ile gari ilikuwa inalala hapa kwa nini?"

"Mama mkubwa, mafuta walipunguza. Kwa wiki yalitosha kuja huku mara moja na kurudi mara moja. Ningekuwa narudi kulala mjini, kuna vijiji singefika. Na chai ya manesi walikata, ndio mama alikuwa anawapikia yake."

Nilikaa chini. Kumbe ile nilikuwa naita kula mali ya serikali ndio kukaza mshipi kwenyewe!

Na msinidanganye, yale magari makubwa ya wakubwa bado yanatimua vumbi kwenda matanga kila Jumamosi. Dada yangu ako Homa Bay, anasema huko ni hivyo hivyo. Mbona hayo sikushtaki? Kwa sababu hayapiti kwa mlango yangu!

Sasa dawa tunafuata mpaka hospitali ya Suna na boda. Min Otis anakaa nyuma yangu, ananishika kiuno nisianguke. Njia yote analia na huyo mtu.

"Mikayi, aliyeshtaki kijana yangu, siku moja atanitazama machoni?"

"Hata mimi nashangaa," nasema. Mdomo wangu huu!

Halafu ananinunulia soda.

Nyinyi wenye wivu, sikieni mimi dani, nyanya yenu. Ukiona mwenzako ana kitu, ingia kwake ukunywe hiyo chai kwanza, uulize. Mimi ningekunywa kikombe kimoja tu, Otis angekuwa kazini leo.

Mimi sijui kuandika sana. Mjukuu wangu Achieng ndio ananiandikia kwa simu. Nilidhani atacheka, maana mimi nasimulia nikicheka. Hakucheka. Alimaliza, akaweka simu kwa mfuko, akaniambia pole pole:

"Dani, nakupatia mpaka Jumapili. Kama hutamwambia Min Otis wewe mwenyewe, nitaenda kwake nimsomee yote, na wewe ukiwa umekaa hapo. Naahidi."

Na huyo mtoto akiahidi, anafanya.