Fundo Chini ya Kigodoro

Dada yangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima humwita Mama Pindo, na akishafunga fundo la uzi, hulifungui hata kwa meno. Maringo ya kazi anayo, tena mengi. "Fundo linakaa upande usioonekana," huwaambia wanafunzi wake, na hapo hataki ubishi.

Binti yake hucheza sarakasi juu ya farasi. Kocha husimama katikati ya uwanja na kamba ndefu, farasi akazunguka mbio, naye binti akasimama mgongoni au akapinduka akishika vishikio viwili vya mkanda mpana wa ngozi aliofungwa farasi. Chini ya mkanda hutandikwa kigodoro. Cha zamani kilipochakaa, dada alishona kipya kwa uzi wa turubai uliopakwa nta. Kilipendeza, sikatai.

Tangu siku hiyo Babu, farasi mpole kuliko sisi wote, akawa mkorofi. Mkanda ukikazwa, anang'ata. Kocha akamkagua kwato na meno, asione kitu. Nani angekishuku kigodoro cha Mama Pindo? Mimi mwenyewe ningegombana naye. Wiki ya tatu Babu akamrusha binti, mkono ukavunjika.

Dada akaja juu. "Kocha, chagua. Mwanangu au huyo mnyama!"

"Mama, Babu hana kosa," binti alilia. "Kuna kitu kinamuuma!"

"Nyamaza! Akuue ndipo uridhike?"

Jumamosi asubuhi lori la machinjio likamchukua Babu. Saa sita tukaenda kuchukua kigodoro. Dada akakitupia begani, baada ya hatua chache akashika shingo. Kitu kilikuwa kinamchoma. Akapapasa upande wa chini, ule unaolala mgongoni mwa farasi. Palikuwa na fundo gumu kama punje ya hindi kavu.

Alikimbia akipiga kelele. "Kocha, mrudishe! Ni mimi! Mrudishe!"

Kocha akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Hatimaye dereva akapokea.

"Kocha, nilimshusha asubuhi. Wameshamaliza."

Binti akakishika kigodoro kwa mkono wake mzima, akatafuta kwa kidole gumba mpaka akalipata.

"Ni haka tu, mama?"

Dada yangu alikaa chini kwenye vumbi la uwanja akaanza kulifungua lile fundo kwa meno. Halikufunguka.