Daktari Alimuuliza Dada Yangu, Nikajibu Mimi

Kosa ni langu peke yangu, na naomba asiwepo wa kunitafutia udhuru. Naandika bila jina kwa sababu kisiwa chetu cha Mafia ni kidogo. Ninyi msionijua ndio ninaoweza kuwaambia.

Kwanza mjue mnazungumza na nani. Mimi ni mtoto wa wakulima wa kijiji cha Kanga. Niliondoka na begi moja, nikaishi Maskati miaka tisa. Nilianza kwa kuosha masufuria ya hoteli, nikamaliza nikiwa msimamizi wa jiko zima. Nilisoma jioni baada ya kazi mpaka nikapata diploma ya usindikaji wa vyakula. Hakuna aliyenishika mkono. Niliporudi nilijenga Kilindoni nyumba ya matofali na karakana ya kusaga mwani. Natengeneza sabuni, unga wa uji na juisi. Diploma ipo ukutani, kwenye fremu, pale wateja wanapoingilia.

Watu wakaanza kuniita Dokta. Ulikuwa utani, lakini sikuukataza.

Dada yangu mkubwa, nitamwita Zuhura, ameolewa na mvuvi kando ya Ghuba ya Chole. Analima mwani, na sehemu ya mwani niliousaga ilitoka kwake. Alikuwa mwanamke mnene, wa kucheka. Mwaka juzi akaanza kupungua. Anakula sana na anakonda. Mikono inatetemeka hata kikombe kinagonga sahani. Analalamika joto wakati wenzake wamejifunika.

"Nasikia ngoma humu," aliniambia akijigusa kifua, "na harusi yenyewe siioni."

Majirani wakasema ana jini. Mimi nikasema hapana, twende hospitali. Hapo nilifanya vizuri, na nilihakikisha kila mtu anajua nimefanya vizuri. Vipimo vya damu vikatupeleka Dar es Salaam.

Daktari wa huko alikuwa mwanamke, umri wake sawa na binti wa kwanza wa dada. Alitueleza taratibu. Damu ya Zuhura ilikuwa na homoni ya tezi ya shingo nyingi kupita kiasi, lakini tezi yenyewe haikuvimba wala haikuonyesha ugonjwa.

"Mama, homoni hii inatoka mahali, nami nataka kupajua," alisema. "Mara chache sana, nyama ya tezi huota sehemu nyingine kabisa ya mwili. Ikijificha huko, njia ya kuiona ni picha ya nyuklia."

Dada akashtuka kusikia nyuklia. Daktari akacheka kidogo. Akasema dada atameza kidonge chenye madini joto yaliyotiwa mionzi kidogo. Nyama ya tezi, popote ilipo, huyanyonya madini joto. Kesho yake atalala chini ya kamera maalumu, na pale palipokusanya dawa patang'aa.

"Ila tezi ni kama mgeni," aliongeza. "Ukitaka ale chakula chako, asiwe ameshiba kwa jirani. Wiki mbili kabla ya kidonge usile vyenye madini joto: samaki, dagaa, mwani, wala chumvi ya pakiti."

Akatupatia karatasi yenye masharti hayo. Tukapangiwa tarehe, tukarudi kisiwani.

Shemeji yangu, mume wa Zuhura, hakumaliza hata darasa la saba. Alisoma ile karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, akaibandika nyuma ya mlango. Kesho yake nikamkuta amenunua maharage na chumvi ya mawe.

"Yaani mvuvi analisha mkewe maharage wiki mbili," dada alimtania. "Wenzako wakijua watakuvua kofia."

"Waivue," shemeji akajibu. "Karatasi imesema."

Mimi nilikuwa nimesimama pale, na lile neno mwani kwenye karatasi lilinichoma. Miaka mitatu nawaambia watu mwani ni dawa ya tezi, leo binti wa Dar anauandika pamoja na vitu vya kukatazwa.

"Shemeji," nikamwambia, "wewe ni nahodha ukiwa majini. Mambo ya chakula niachie mimi, nimeyasomea. Huyu anaishiwa nguvu. Ukimnyima samaki na mwani atafika Dar amebebwa."

"Lakini karatasi..."

"Hizi huandikiwa watu wote. Hazikuandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mtaalamu nyumbani."

Shemeji akanipisha. Nilikuwa nimesoma, yeye hakusoma. Nikaibandua karatasi, nikaitia mfukoni. Kila siku kwa wiki mbili nilimpelekea dada chupa ya juisi ya mwani, na uji wa mwani asubuhi. Alikunywa yote. Mpaka siku ya safari alikuwa anakunywa.

Kabla ya kumpa kidonge, daktari alimgeukia yeye, si mimi. "Mama, umefuata masharti? Hujala vitu vya baharini?"

Dada alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Tumefuata kila kitu, daktari. Mimi mwenyewe ni mtu wa vyakula, nina diploma."

Dada akaniangalia. Kisha akatazama mikono yake.

Hilo la kwanza labda mtu angeweza kunisamehe, maana bado niliamini najua. La pili halina msamaha.

Kesho yake walimlaza chini ya ile kamera kwa muda mrefu. Baadaye daktari akatuita chumbani kwake. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na umbo la mtu, lenye kijivu hafifu. Shingoni hapakung'aa. Kifuani hapakung'aa, wala tumboni. Hata pale ambapo tezi ya kila mtu huonekana palikuwa kama pamefutwa.

"Ni ajabu," daktari alisema. "Mwili unafanana na uliojaa madini joto kutoka kwingine. Naomba mnikumbushe. Kweli hakuna samaki? Hakuna mwani?"

Wakati ule nilielewa. Nimesoma, siwezi kusema sikuelewa. Yule mgeni alikuwa ameshiba, na aliyemshibisha ni mimi.

Ningesema. Maneno yalikuwa matatu tu: alikunywa mwani wangu. Lakini nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu, nimeshataja diploma, na wauguzi wawili walikuwa wamesimama wakisikiliza.

"Hakuna," nikasema.

Dada aliliacha jibu langu lipite. Zuhura ndiye aliyenibeba mgongoni utotoni. Asingenivunjia heshima mbele ya watu, hata kwa ajili ya mwili wake mwenyewe.

Daktari alituamini. Akasema basi huenda ni ugonjwa wa muda uliojificha ndani ya tezi, ambao hupoa wenyewe, na picha yake huwa tupu vilevile. Akampa vidonge vya kutuliza moyo, akatutaka turudi baada ya miezi mitatu. Tulipotoka nje dada aliniuliza swali moja tu.

"Mdogo wangu, una hakika?"

Nikamwambia nina hakika.

Miezi mitatu ilipofika nilikuwa na maonyesho ya bidhaa bara. Nikamwambia asubiri nirudi niende naye mwenyewe. Akasubiri. Mwezi wa tano tangu ile picha, asubuhi, akiwa anafunga mbegu za mwani kwenye kamba pamoja na wenzake, kamba ilimponyoka. Akainama kuiokota, hakuinuka. Walidhani anatania, kwa jinsi walivyomjua.

Ni kiharusi. Moyo uliokwenda mbio muda wote ule ulikuwa umeanza kupiga ovyo. Donge la damu likatoka humo, likapanda kichwani.

Hali ilipotulia, homoni ikiwa bado juu, picha ilirudiwa. Safari hii shemeji alipanga chumba karibu na hospitali, akampikia mwenyewe wiki mbili, hakuniruhusu hata kuleta maji. Nilikuwepo walipoifungua. Shingoni palikuwa hafifu tu. Lakini chini, upande wa kushoto wa nyonga, paling'aa doa moja kali. Nyama ya tezi ilikuwa imeota ndani ya kifuko cha mayai. Daktari alisema hajaona mwingine tangu aanze kazi. Walimpasua, wakatoa uvimbe usiozidi limau. Homoni ikashuka ikakaa sawa.

Kwa hiyo ule ugonjwa amepona. Anakula, amenenepa, mkono wa kushoto hautetemeki. Wa kulia haufanyi kazi. Maneno yamekwenda yote isipokuwa moja, alhamdulillahi. Ukimpa chai anasema hilo, ukimsalimia anasema hilo, akiumia anasema hilo.

Nilimwambia shemeji kwanza kwamba nilimdanganya daktari. Nilitegemea anipige, na nadhani nilikuwa nataka. Akasema, "Watoto wasijue. Wanakupenda mno." Tangu siku hiyo ananiitikia salamu, lakini hanikaribishi ndani.

Kisha nilimwambia dada. Nilimweleza yote ingawa alikuwepo. Nikamwomba radhi. Aliniangalia vilevile alivyoniangalia siku ile ya kidonge, akasema, "Alhamdulillahi."

Sijui kama amenisamehe, na sitajua. Silii. Naenda karakanani, nasaga, nafunga mizigo, nafunga mlango. Juisi nimeacha, uji nimeacha, nauza sabuni tu. Wakiniita Dokta sigeuki.

Wewe unayesoma, kama wewe au mtu wako mtapangiwa picha ya namna hii, karatasi ya masharti ifuateni kama ilivyo. Kama umesoma kuliko wenzako nyumbani, ifuate zaidi. Daktari akimuuliza mgonjwa, mwache mgonjwa ajibu. Na kama mmeshakosea, semeni hapohapo. Nilimuuliza yule daktari baadaye angefanya nini lau ningesema kweli. Akaniambia angetutaka turudi baada ya wiki chache, arudie picha.

Basi. Wiki chache.