Vifaranga wa Abalo na Balbu ya Wati Mia

Mnanisumbua. Kila siku, "Bibi, tuandikie ile ya Abalo na balbu," kana kwamba mtaa mzima wa Nsambya hauna mwingine mwenye kalamu. Mkono wangu umezoea mwiko, si herufi. Haya, naandika mara moja tu, na asiyeelewa asije kunigongea mlango.

Abalo, mama yake Ojera, ni mjane wa sajini, anakaa katika nyumba za polisi. Alikuwa na vifaranga arobaini ndani ya boksi la televisheni, na juu ya boksi alitundika balbu ya zamani ya wati mia. Hiyo ndiyo iliyokuwa mama yao. Mkaa alishaujaribu, moshi ukamuulia kundi zima lililotangulia.

Basi serikali ikatafuta adui wa nchi, ikamwona: balbu ya zamani. Maofisa wakatumwa nyumba kwa nyumba, wagawe balbu za kuokoa umeme na kuondoka na zile kuukuu.

Asubuhi moja ya baridi, jirani yake Nerima, Mkenya anayeuza mitumba Kibuli, aliingia bila hodi. "Mama Ojera, wako mlango wa tatu! Ficha!"

Abalo akaifungua balbu kwa leso, akaitumbukiza kwenye sufuria na kufunika.

Ofisa aliyeingia aliitwa Cleopas, mtu mzima mwenye koti kubwa la mvua.

"Mama, ya zamani iko wapi?"

"Ilikufa."

"Vizuri." Akapanda kwenye kiti, akafunga mpya yeye mwenyewe. "Tazama! Wati tisa tu. Ile yako ilikuwa mwizi. Umeme karibu wote iliugeuza joto, mwanga ukabaki kidogo."

"Na kifaranga anataka nini, afande? Anasoma gazeti?"

"Mama, dunia nzima imeziacha."

"Dunia nzima inafuga kuku?"

Angeondoka hapo hapo, na hadithi ingekwisha, lakini mvua ikashuka kama imetumwa. Nyumbani kwa kina Abalo, Uacholi, mgeni aliyekutwa na mvua hatolewi nje. Hupewa kiti na chai. Cleopas akapewa kiti na chai, na chai ikamwongezea maneno. Akasifu balbu yake toka bwawa la umeme mpaka kwenye swichi. Vifaranga nao wakajirundika pembeni mwa boksi, wanapandana, wanalia, chini ya mwanga mzuri wa kukuwezesha kutunga uzi kwenye sindano.

Balbu ilikuwa hatua mbili tu, ndani ya sufuria. Lakini kuitoa mbele ya mgeni ni kukiri, na Abalo hajawahi kukiri kosa hata kwa padri. Leo aanze na mtu wa balbu?

Kifaranga mmoja akalala ubavu. Abalo akasimama.

"Afande, fungua koti."

"Nini?"

"Fungua! Umeleta sheria, leta na joto."

Akampakia kumi na watano kifuani, kumi kwenye kofia juu ya mapaja. Waliobaki akagawana na Nerima, ambaye alikuwa anang'ata leso asicheke. Cleopas alikaa wima kama bwana harusi, vifaranga wakimchafulia shati la serikali. Mvua haikuwa na haraka.

Mwishowe Cleopas akasema polepole, "Mama, ile iliyokufa... haiwezi kufufuka?"

"Sheria yenu inaruhusu ufufuo?"

"Mimi nitaangalia ukuta."

"Ukuta hautii sahihi. Andika."

Akaandika kwenye fomu: taa mpya moja, na chombo kimoja cha kupasha vifaranga joto. Abalo, ambaye kusoma kwake ni kwa kubahatisha, alimtaka aisome kwa sauti mara tatu, kisha akampa Nerima asome, maana ofisa ni ofisa. Ndipo sufuria ikafunuliwa.

Thelathini na tisa walipona. Yule aliyelala ubavu hakuamka, na kwenye fomu hakuandikwa.

Sasa nyinyi mlionisumbua: balbu ile inapepesa, na madukani tumetafuta mpaka tumechoka. Inukeni mkapekue nyuma ya makabati yenu. Mkipata ya wati mia, ifungeni kwa kitambaa, mpelekeeni Abalo, mlango wa tano kutoka bombani. Na mikono mitupu msiende, kwa sababu chai atawapa tu.