Aliyemwangalia Kocha

Kaanaeli aliumia goti mwaka uleule zilipoanza kusikika habari kwamba kiwanda cha sabuni kitauzwa. Asubuhi alikuwa mfagiaji wa kiwanda hicho, na jioni alicheza mpira wa pete katika timu ya wanawake wa hapohapo. Daktari alimwambia asikimbie tena. Mwingine angerudi zake nyumbani Lemara akapike mapema. Yeye aliendelea kuja, akakaa kwenye benchi la kiwanjani, nyuma ya bohari, mguu ameunyoosha kama mpini wa jembe.

Kocha wao alikuwa Reginald, karani wa bohari, kijana wa Machame. Alimzidi Kaanaeli kwa vitabu, naye Kaanaeli akamzidi kwa miaka kumi. Timu ilikuwa inapigwa na kila kiwanda cha mjini. Walipofungwa mara ya nne, Reginald alikuja kukaa kwenye benchi karibu na Kaanaeli.

"Mama Anande, wewe si umekaa tu hapa. Waangalie hawa, uniambie nani anatuangusha."

"Nimeshawaangalia. Hawana neno."

"Sasa tatizo nani?"

"Nikikwambia utanuna."

"Sema, bwana."

"Ni wewe."

Akanuna siku mbili. Siku ya tatu alirudi, mikono mfukoni. "Haya. Niangalie mimi."

Kaanaeli hakujua kuandika. Kwao Akeri, chini ya mlima, baba yake alisema daftari ni la wavulana, binti akate majani ya ng'ombe. Akayakata mpaka alipoolewa. Lakini ng'ombe wa ndani hasemi. Ukitaka kumjua utazame sikio lake, na namna anavyoinuka asubuhi. Basi Kaanaeli alikuja na aproni yake ya kufagilia, mfuko mmoja ameutia mahindi, wa pili maharage, na bakuli mapajani. Kila Reginald alipomwonyesha mchezaji la kufanya, punje moja ya hindi iliingia bakulini. Kila alipofoka tu, likaingia haragwe.

Mazoezi yalipokwisha alimwaga bakuli kwenye benchi. Mahindi sita. Maharage arobaini na moja.

"Umeyatoa wapi maharage yote haya?" Reginald aliuliza.

"Umeyapanda mwenyewe. Na hayo mahindi sita yote amekula Arafa."

Arafa, mfungaji wao mrefu, alikuwa akifungua viatu karibu nao. "Ndiyo maana nanenepa," alisema, na wenzake wakacheka hadi kocha mwenyewe akacheka.

Tangu siku hiyo Reginald hakuondoka kiwanjani bila kuja benchi kuuliza, "Leo nimefanyaje?" Naye Kaanaeli alimweleza. Leo hukumtazama yule wa pembeni hata mara moja. Leo ulieleza kwa muda mrefu mpaka wakapoa miili. Leo ulinyamaza pale ulipotaka kufoka, nimekuona. Maharage yalipungua wiki hadi wiki, na timu ikaanza kushinda. Mwaka uliofuata walichukua kombe la viwanda.

Watu walisema mama mtu mzima anamtaka kijana. Hawakujua wanachosema. Kaanaeli alichotaka ni kuulizwa. Baba yake hakumwuliza kitu hata siku ya mahari. Mume alimwachia mtoto wao Anande akaenda migodi ya Mererani kutafuta mawe ya thamani, wala hakuuliza watakula nini. Katika maisha yake yote ni mtu mmoja tu aliyekaa karibu naye akangoja kusikia ameona nini.

Kiwanda kikauzwa. Wenye kiwanda wapya hawakuwa na haja ya timu wala ya wafagiaji wengi, na kiwanja kikawa maegesho ya malori. Reginald alipata kazi ya kuzunguka mikoani kufundisha makocha namna ya kuangaliana. Siku ya kuagana alimshika Kaanaeli mikono yote miwili.

"Mama Anande, semina ikifika Arusha utakaa mbele pamoja na mimi. Hii kitu ni yako."

Alingoja mwaka mzima na miezi. Semina ilipofika, mwaka tisini na sita, habari aliletewa na Arafa. Reginald hakutuma mtu. Kaanaeli alijisemea kazi zimemzonga, akavaa kitenge chake cha kanisani, akapanda kwa miguu mpaka Engutoto. Mlangoni aliulizwa cheti. Akazunguka, akasimama kwenye uzio wa kiwanja.

Aliwaona makocha wawiliwawili, mmoja akifundisha, mwenzake ameshika bakuli. Mahindi na maharage. Mgeni mmoja alikuwa akimpongeza Reginald kwa ubunifu wake, naye Reginald akitabasamu bila kumsahihisha. Lakini kilichomshika Kaanaeli ni kingine. Reginald alikuwa amerudia yale yale. Alifoka, na maelezo mazuri akawapa watu wa mstari wa mbele tu, walipokaa wakubwa. Mama mmoja wa nyuma aliinua mkono mara tatu hakuonekana. Kaanaeli alihesabu kichwani mpaka wakaenda mapumziko, na alikuwa na mengi ya kumwambia.

Reginald alitoka, akamwona, uso ukang'aa. Kaanaeli akajiweka sawa.

"Mama Anande, afadhali umekuja. Chai ya wageni imekwama huko jikoni. Hebu wasaidie."

Akawasaidia. Alimimina vikombe vyote, na cha Reginald pia, naye alikipokea huku anaongea na mtu mwingine. Kisha akateremka Lemara na maneno yake kifuani. Anayo mpaka leo. Usiku mwingine huyapanga upya, lipi angeanza nalo, ili yasimuumize sana kijana wa watu.

Siku hizi anafulia watu nguo huko Sekei, na Jumatano hupitia kiwanja cha shule. Husimama nje ya ua. Mwalimu wa michezo pale ni Swabaha, binti mwenye filimbi kali.

"Shikamoo mama. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Simtafuti mtu. Naangalia."

"Haya, kama unaangalia, yule wa kushoto mbona anachelewa kila siku?"

Kaanaeli alisogea karibu na ua. "Hachelewi, mwanangu. Wewe unapuliza kabla hajafika."

Swabaha alicheka, mkono mdomoni. "Mama, mimi nimesomea hii kazi." Akarudi kwa wasichana wake.

Jumatano iliyofuata filimbi ilingoja. Yule wa kushoto alifika, akadaka mpira, akageuka nao, na wenzake wakamshangilia. Swabaha hakutazama upande wa ua. Kaanaeli aliweka chini beseni la nguo, akabaki amesimama mpaka wasichana wakakusanya mipira na kwenda kunawa.