Raidi ya Baba Mdogo

Mwaka huo nilikuwa nimechoka na muziki jinsi mtu anavyochoka na sukuma wiki: unaila, lakini huisifu tena. Nilikuwa nawatengenezea watu midundo kwa kompyuta chumbani kwangu mtaa wa Jericho, kutwa nzima, na jirani akichomelea mageti ya chuma nje ya dirisha. Nikilifunga, joto linaniua. Nikilifungua, sisikii ninachofanya.

Ndipo kamati ya kwaya ya kanisa letu, kule Shauri Moyo, ikaniita. Walitaka nyimbo zote za ibada ziwekwe kwenye flashi, ngoma zikiwa ndani tayari, mtu abonyeze tu. Mpiga ngoma amezeeka, walisema, mara anachelewa, mara mkono unatetemeka. Walisema kwa upole sana, na upole huo uliniudhi kuliko matusi, maana mpiga ngoma huyo alikuwa baba yangu mdogo. Ndiye aliyenilea tangu darasa la tatu, akanifundisha kuhesabu mapigo kwa kijiko na sufuria. Nilipaswa kukataa. Nilikubali, nikajiambia kwamba nisipofanya mimi atafanya mwingine. Waoga wote tunaujua uongo huo.

Ngoma zenyewe hazikunisumbua. Kilichonitesa ni raidi, lile toazi kubwa la mkono wa kulia linalogongwa mfululizo wimbo mzima, ambalo msikilizaji halisikii mpaka likosekane. Kwenye kompyuta kila pigo ni kisanduku kidogo. Nilivipanga visanduku vyangu mistari kwa mistari, vyote sawa, vimenyooka kama watoto wa shule gwaride la asubuhi. Nilipouchezesha wimbo, ilikuwa kama mtu anagonga glasi kuomba wageni wanyamaze. Nikabadilisha sauti ya toazi mara ishirini na kitu. Bado ni glasi.

Alhamisi baba mdogo akaja bila kupiga simu, kama kawaida yake, akaketi kitandani na koti lake. Alikuwa ameshajua. Kanisani kwetu habari hufika kabla ya mwenyewe. Nilitaka kuzima kompyuta, lakini akaniambia niache, niuchezeshe wimbo asikie. Akasikiliza amefumba macho mpaka mwisho.

"Hii mashine yako haichoki," akasema. "Ndiyo maana inachosha watu."

Kisha akanieleza, polepole, mambo ambayo hakuwahi kunieleza kwa sababu yeye aliyafanya tu. Pigo la kwanza linatoka begani, ni zito. La pili ni kijiti kinaanguka chenyewe, usikisaidie. Karibu na kiitikio waimbaji wanaharakisha, na mkono unaharakisha nao kidogo, usijifanye mwalimu wa kuwasubirisha. Tena usiukate mlio. Pigo jipya lazima likute lile lililotangulia bado liko hewani. Aligonga meza kwa kalamu yangu, mimi nikasogeza visanduku, hiki mbele kidogo, kile nikakishusha. Tulifanya hivyo alasiri tatu. Ni kweli mkono wake ulitetemeka akishika kikombe. Akishika kalamu haukutetemeka. Niliona aibu, nikaendelea kusogeza visanduku.

Siku ya tatu akasikiliza tena, akaitikia kwa kichwa. "Sasa imekaa," akasema, akaomba chai nyingine.

Jumapili ikawa ya mavuno. Kwetu sadaka ya mavuno hailetwi kwa haraka. Watu wanaicheza kutoka mlangoni hadi madhabahuni, mwenye debe la mahindi, mwenye kabichi, mwenye kuku, na wimbo hauishi mpaka nyanya wa mwisho, na mkongojo wake, afike. Hata mtoto wa Sunday school anajua hilo. Mimi niliyekulia humo nilikuwa nimeutengeneza wimbo wa dakika nne, kwa kuwa nyimbo zote ninazotengeneza siku hizi ni za dakika nne.

Ukaisha nyanya wakiwa katikati ya kanisa. Kukawa kimya, viatu tu vikiburuzwa sakafuni, na kuku mmoja akilalamika kwapani mwa mwenyewe.

Ngoma zilikuwa bado pembeni, zimefunikwa shuka, ukingo wa raidi ukichungulia. Baba mdogo alikuwa mwisho wa benchi la pili, hatua nne au tano kutoka hapo. Aligeuka akaniangalia. Nilijua la kufanya, naapa nilijua. Lakini kamati nzima ilikuwa inanitazama, nami nilikuwa nimechoka, nikataka tu kelele irudi. Nikabonyeza tena. Wimbo ukaanza upya, na utangulizi wake mrefu wa kinanda, nyanya wakasimama na mizigo yao wakingoja mdundo ufike ndipo wainue miguu. Raidi ilipoingia, mama mmoja nyuma yangu, asiyeziona ngoma pale alipokuwa, alisema leo huyu mzee amepiga vizuri.

Baada ya ibada nilimkuta getini, koti limefungwa vifungo vyote. Nikaanza kujieleza kabla hata ya kumsalimu. Nikamwambia nitaurefusha, nitarudia kiitikio mara kumi, nitaweka mahali pa kusimamishia. Aliniacha nimalize yote.

"Ni sawa, kijana wangu," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja tu uniite."