Barua za Wamarekani katika Friza ya Jirani

Siku ya kwanza nilipofika kazini, nyumbani kwa Daktari pale Hail, katika nchi ya Waarabu, sikuoneshwa barua hata moja. Nilioneshwa beseni.

"Nawa, mwanangu, ujifute mpaka vidole vikauke," aliniambia. "Glavu hatuvai. Ukivaa huisikii karatasi, na usipoisikia utaichana."

Daktari alikuwa mzaliwa wa Unguja, amestaafu utabibu, na alikusanya barua za mkono za viongozi wa mwanzo wa Marekani. Wenziwe walikusanya majambia. Yeye akisema anapenda kuona mahali mtu mkubwa alipokata neno, akasita, akaandika jengine.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuzitengeneza zilizochakaa. Wino wa zama zile ulitiwa chuma, nao huila karatasi polepole kama kutu. Nikiziba matundu kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano.

Kisha ukaja mwaka wa dhoruba. Wadi, lile bonde la mto mkavu, lilifurika, maji yakaingia chumba cha barua. Daktari alikaa kwenye ngazi, akasema barua zimekwisha. Nilijua karatasi iliyoloa ikigandishwa haioti ukungu, lakini friza yetu ilikuwa imezama. Nikavuka njia kwa Bi Thuwaiba, ambaye nyumba yake iko juu na umeme anao. Friza yake ilijaa nguru wa arusi ya mwanawe. Aliniuliza kama waandishi wa barua hizo wako hai. Nikamwambia wamekufa zamani.

"Basi toa samaki," alisema. "Nguru n'tapata wengine. Hao hawataandika tena."

Tulizikausha mojamoja kwa miezi. Chache zilipauka, nyingi zilisalimika.

Bi Thuwaiba alipokuja kuziona, Daktari alimtafsiria moja: baba yuko safarini, anauliza homa ya binti yake. Bibi akauliza kama ilishuka. Daktari hakujua. Tangu siku ile aliacha kutafuta majina makubwa, akaitafuta barua iliyofuata, hata muuzaji mmoja wa ng'ambo akaipata. Alivuka njia mwenyewe kwenda kumwambia.

"Ilishuka, Bi Thuwaiba. Mtoto kaomba supu."

Baadaye alizitoa zote kwa maktaba, watu wazisome. Mimi nimestaafu, macho yamechoka, ila Jumamosi nnakwenda huko maktaba kufundisha vijana kazi hii. Juzi msichana mmoja aliinua karatasi kwenye mwanga, akaona alama ya kiwanda iliyojificha ndani yake, akaigeuza huku na huku. Nilivuta kiti, nikakaa, nikamwacha aangalie.